Mwanasheria wa Jiji Anayechaguliwa kwa Kura ni Wakili wa Nani?

Swali: Mimi ni Mkenya niliyepata uraia wa Marekani na ninaishi San Diego, California. Katika karatasi ya kura nimekuta nafasi ya Mwanasheria wa Jiji. Kwetu mwanasheria wa kaunti huteuliwa na gavana. Kwa nini huyu achaguliwe na wananchi? Na je, anaweza kunitetea dhidi ya mwenye nyumba aliyekataa kunirudishia amana yangu?

Jibu: Nianze na la amana, kwa sababu lina haraka. Mwanasheria wa Jiji hawezi kuwa wakili wako, hata kama kura yako ndiyo iliyomweka ofisini. Sheria ya California humpa mwenye nyumba siku 21 tangu ulipohama ili akurudishie amana au akupe orodha ya makato yake; akipuuza, mfungulie shauri katika mahakama ya madai madogo, ambako mtu binafsi anaweza kudai hadi dola 12,500 na mawakili hawaruhusiwi kumsemea mtu.

Mteja wa Mwanasheria wa Jiji ni jiji lenyewe. Ofisi yake humshauri meya, baraza na idara zote, na hulitetea jiji linaposhtakiwa. Katika San Diego, kama ilivyo Los Angeles, ofisi hiyo pia huendesha mashtaka ya makosa madogo, yaani yale ambayo kifungo chake hakizidi mwaka mmoja, huku makosa makubwa yakibaki kwa mwendesha mashtaka wa kaunti. San Francisco ni tofauti: mwanasheria wake anachaguliwa vilevile, lakini hushughulikia kesi za madai tu, si za jinai. Zaidi ya hayo, sheria ya jimbo inamruhusu mwanasheria wa jiji lenye watu zaidi ya 750,000 kuzishtaki kampuni zinazofanya biashara kwa hila, naye hufanya hivyo kwa jina la watu wa California. Hapo ndipo mpangaji au mnunuzi wa kawaida hunufaika naye, ingawa si mteja wake.

Miji mingi ya California huwa na mwanasheria aliyeteuliwa na baraza. San Diego ilichagua njia ya kura katika hati yake kuu ya mwaka 1931, hati ileile iliyokabidhi shughuli za kila siku kwa meneja aliyeajiriwa na baraza. Waliotetea utaratibu huo walitaka ushauri wa sheria usitoke kwa mtu ambaye baraza au meneja angeweza kumfukuza kwa kusema lisilopendeza.

Ugumu wake ulionekana baada ya Michael Aguirre kuchaguliwa mwaka 2004. Alishikilia kwamba nyongeza za mafao ya pensheni zilizopitishwa mwaka 1996 na 2002 zilikuwa kinyume cha sheria, akazipinga mahakamani na kugongana vikali na viongozi ambao ofisi yake ilipaswa kuwashauri. Mahakama haikukubaliana naye, na mwaka 2008 wapiga kura walimchagua Jan Goldsmith badala yake. Hata hivyo, bado naona njia ya kura ni bora, kwa kuwa mwanasheria anayeteuliwa na baraza hushawishika kunyamaza pale ambapo wananchi wanahitaji zaidi asikike. Kwa hiyo ningemuuliza kila mgombea swali moja: baraza likikaribia kupitisha jambo ambalo wewe unaamini limevunja sheria, utatoa ushauri wako faraghani tu, au utauandika ili nasi tuusome?