Sanjari, sambamba au pamoja tu?

Swali: Jambo, Mama Mwalimu. Kwenye tangazo la kwaya yetu niliandika: "Mazoezi ya Jumamosi yatafanyika sanjari na mkutano wa wazazi." Kaka yangu akafuta "sanjari", akaweka "sambamba". Nyumbani sisi tunasema "ansamble", kwa Kifaransa, na mambo yanaisha. Nani kati yetu amepatia?
Msomaji, Kadutu, Bukavu

Jibu: Jambo, mwanangu. Maneno hayo mimi niliyaona majini kabla ya kuyasoma. Baba yangu alikuwa mvuvi kule kisiwa cha Idjwi, akivua sambaza, wale samaki wadogo walioletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Unaijua mitumbwi yao: mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu, wavu katikati, karabai zinawaka. Popote inapokwenda, hakuna unaotangulia wala unaobaki nyuma. Huko ndiko kwenda sambamba. Hata darasani, mistari miwili isiyokutana huitwa mistari sambamba.

Sanjari ni neno la mabaharia wa pwani: vyombo husafiri kwa kuongozana ili visipotezane. Jioni kundi moja la mitumbwi lilipotangulia na mengine yakafuata, taa nyuma ya taa, hiyo ilikuwa sanjari. Siku hizi magazeti yanaandika "sanjari na" kwa maana ya "pamoja na", nami sikatai. Ila napenda mambo hayo mawili yawe yanaandamana kweli, si kwamba yamegongana saa tu. Umeme ukikatika hapa Bukavu mvua inaponyesha Goma, sisemi umekatika sanjari na mvua ya Goma!

Na wapigakasia walipoimba, makasia yote yakazama mara moja, walipiga kwa pamoja. Neno hili nalipenda kuliko yote. Ile "pa" ni ya mahali: mahali pamoja. Hapa Bukavu tunatamka "pamoya", na "pa" yake iko palepale. Kwa nini tuliache, tukimbilie "ansamble"?

Sasa tangazo lako. Kama wazazi wako ukumbini nanyi mnaimba kanisani, kila mtu na shughuli yake, andika: "yatafanyika wakati mmoja na mkutano wa wazazi." Lakini kama mnaimba palepale, mkiufungua mkutano na kuusindikiza hadi mwisho, rudisha sanjari yako, na kaka yako mwonyeshe jibu hili.