Maswali ya Wasomaji: Weupe wa Daisy na Gari la Gatsby

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Barazani kwetu tumesoma The Great Gatsby, riwaya ya Mmarekani F. Scott Fitzgerald, na tumegawanyika. Mimi nashikilia kwamba Daisy amevishwa nguo nyeupe kwa kuwa ana moyo safi, kama tunavyovaa kanzu nyeupe siku ya Ijumaa. Mwenzangu anadai kwamba kila rangi humo ina maana moja isiyobadilika, na kwamba manjano ni mauti. Tupatanishe.
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu yetu. Kanzu ya Ijumaa tuiache msikitini, kwa sababu riwaya hiyo ya mwaka 1925 inahusu matajiri wa New York na vitongoji vyake, na Daisy huyo wa nguo nyeupe ndiye aliyeshika usukani wa gari la Gatsby, tajiri anayempenda, Myrtle Wilson alipogongwa akafa, kisha akanyamaza na kumwachia Gatsby lawama iliyomfikisha kaburini. Moyo safi hauwi hivyo.

Hata hivyo, mwenzako naye hajapata. Mtazameni Wilson, mume wa Myrtle, fundi wa gereji katika bonde la majivu: naye yumo ndani ya weupe, ila wake ni wa vumbi la majivu lililomfunika suti na nywele, na ambalo limefunika kila kitu pale isipokuwa mkewe. Rangi ile ile iliyo pambo kwa mwanamke ambaye hajawahi kufua nguo yake mwenyewe, kwa fundi huyo ni uchovu na ufukara. Sasa maana moja isiyobadilika iko wapi?

Gari hilo la Gatsby ndilo linaloonyesha jambo hili waziwazi zaidi, na hapo ningependa mkae kidogo. Nick, msimuliaji, anapolieleza mara ya kwanza analiona la rangi ya malai, linameremeta nikeli, kwa sababu wakati huo bado anastaajabia utajiri wa jirani yake. Wilson, anayetamani kununua gari la Tom, mume wa Daisy, ili aliuze apate cha kuondokea, analisifu hili la Gatsby, Tom anapofika nalo gereji, kuwa ni la manjano, zuri. Baada ya ajali, Michaelis, mwenye mkahawa wa jirani, anamwambia askari wa kwanza kwamba lilikuwa la kijani kibichi kilichopauka. Gari ni moja, rangi tatu, na kila moja inatupa habari za anayetazama kabla ya kutupa habari za gari lenyewe. Kwa hiyo manjano si mauti tangu mwanzo; mauti yanaifikia baadaye, kupitia mikono ya watu.

Taa ya kijani kwenye gati ya Daisy, ambayo Gatsby huitazama kutoka ng'ambo ya maji kama tumaini lake, imeshaandikwa sana, nami sitairefusha: katika sura ya 5, Daisy akiwa amesimama ubavuni mwa Gatsby, Nick anahisi kwamba imerudi kuwa taa tu.

Mkibishana tena, anzeni na suti ya waridi ya Gatsby. Tom anaitumia kama ushahidi kwamba mtu huyo hawezi kuwa amesoma Oxford. Nick, anapoagana naye kwa mara ya mwisho, anaiona iking'aa mbele ya ngazi nyeupe, na ni hapo anapomwambia kwamba anawashinda wale wengine wote kwa pamoja.