Maswali na majibu: mradi wako wa kwanza wa programu za skrini

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa wanafunzi waliopata mshauri katika miradi huria inayoshughulikia safari ya picha hadi kwenye kioo: X.Org (wenye X, mfumo wa zamani wa kuchora madirisha kwenye skrini), Wayland (mfumo mpya wa kazi hiyo hiyo), na upande wa kerneli, yaani kiini cha Linux: DRM, sehemu inayosimamia kadi za picha, na KMS, tawi lake linalopanga kinachoonyeshwa kwenye kioo. Ambaye herufi hizo ni ngeni kwake aanze na nyaraka za kerneli, kisha arudi hapa.

Mwalimu, nijifunze lugha gani ya programu?

C. Swali hili nimelijibu, na wiki ijayo litarudi tena. Rust inaingia kwenye kerneli, sawa, lakini msimbo utakaousoma msimu mzima umeandikwa kwa C.

Shikamoo mwalimu. Nimekubaliwa kufanya mradi wa VKMS, draiva ya skrini ya kubuni. Mshauri wangu ana shughuli nyingi na naona haya kumsumbua. Nimepanga niandike kimya kimya, nikimaliza nimwonyeshe kazi nzima. Ni sawa?

Marahaba. Si sawa hata kidogo, na barua yako nimeichagua kwa kuwa najua una wenzako wengi.

Kinachohesabika ni msimbo uliopokelewa kwenye mradi mkuu. Ulioko kwenye kompyuta yako peke yake ni mazoezi. Ili upokelewe lazima mtu ausome, na hakuna mwenye muda wa kusoma mistari elfu tatu aliyomwagiwa wiki ya mwisho. Ataiweka kando, msimu utaisha, wewe utarudi darasani, na baada ya matoleo mawili matatu ya kerneli kazi yako haitaingia tena bila kuandikwa upya.

Kata kazi vipande. Kiraka kimoja (badiliko unalotuma likaguliwe), jambo moja. Ukibadilisha jina la fankshoni na kurekebisha hitilafu iliyomo ndani yake, hivyo ni viraka viwili. Kila kimoja kikubali kujengwa peke yake, ili atakayekuja kusaka kosa kwa git bisect asikwame katikati ya mfululizo wako. Kabla ya kutuma, pitisha checkpatch.pl inayokagua mtindo wa msimbo, na get_maintainer.pl ikuonyeshe wa kuwatumia.

Halafu acha kuuliza chemba. "Habari, haifanyi kazi, naomba msaada" hata mshauri mwenyewe hawezi kuijibu. Andika hivi, mahali pa wazi: "Nimeongeza tabaka la pili kwenye VKMS. Jaribio la kms_plane kutoka IGT linashindwa, CRC hazilingani. Nimegusa vkms_composer.c, kiraka hiki hapa. Nashuku mpangilio wa matabaka." (Tabaka ni picha inayopangwa juu ya nyingine, IGT ni mkusanyo wa majaribio ya draiva za picha, na CRC ni namba ya kulinganisha picha iliyotoka na iliyotarajiwa.) Swali la namna hiyo litajibiwa na yeyote aliye macho saa hiyo, hata kama mshauri wako amelala upande wa pili wa dunia. Na mwakani mwanafunzi mwingine atalikuta jibu pale pale.

Mshauri mpe taarifa kila wiki, hata wiki ambayo hukusogea. Aliyekwama husaidiwa. Aliyenyamaza hajulikani kama amekwama, amesafiri au ameacha, na ikifika tathmini ya katikati asishangae kuambiwa ameshindwa.

Kompyuta yangu ni ya zamani na haina kadi ya picha ya maana. Nitaweza?

Utaweza. VKMS ni draiva ya skrini isiyokuwepo: haihitaji kadi wala kioo, na kazi yote hufanywa na prosesa. Ilianza mwaka 2018 kama kazi ya wanafunzi wa Google Summer of Code na Outreachy, mipango inayowalipa wanaoanza kazi za miradi huria, ikaingia kwenye Linux 4.19, na hadi leo hutumika kupima msimbo wa KMS kwenye mashine zisizo na skrini. Ipakie ndani ya mashine pepe. Ukiivuruga, unaizima na kuiwasha, na kompyuta yako haina habari.

Ila fanya hesabu kidogo uelewe unachogusa. Picha moja ya pikseli 1920 kwa 1080, kila pikseli baiti 4, ni baiti 8,294,400. Mara 60 kwa sekunde, hiyo inakaribia megabaiti 500, na hapo ni tabaka moja tu. Kwa hiyo ukimwona mkaguzi anabishana nawe juu ya amri moja ya "if" ndani ya kitanzi cha pikseli, usidhani ana gubu.

Kinachopunguza kasi kwenye mashine yako ni kujenga kerneli nzima. Zima draiva usizozihitaji kwenye usanidi kabla hujalalamika.

X imekufa? Nihamie Wayland?

X ilianza MIT mwaka 1984, na X11 ikatoka 1987. Wayland ilianzishwa 2008. Watu wametangaza mazishi ya X kwa miaka mingi, na programu zake bado zinaendeshwa ndani ya Wayland kupitia Xwayland. Wewe uliye kwenye KMS, ugomvi huu haukuhusu: seva ya X na Weston, ambayo ni seva ya mfano ya Wayland, zote zinabisha hodi kwenye mlango ule ule wa kerneli. Muda wa kubishana utumie kusoma msimbo wa Weston.

Kuna tofauti gani kati ya Google Summer of Code na mpango wa X.Org wenyewe?

Wa Google ulianza 2005, una kalenda yake, na tangu 2022 si lazima uwe mwanafunzi. Wa X.Org, unaoitwa Endless Vacation of Code, ulibuniwa kwa ajili ya wanafunzi ambao kalenda ile haiwafai, kwa hiyo hauna tarehe moja ya kuanza. Katika yote miwili tafuta mshauri kwanza, andika pendekezo baadaye. Wengi hugeuza.

Hukuuliza, lakini nakuambia: angalia ratiba ya mitihani kabla ya kuahidi saa 350 za mradi. Na ukiombwa ada ili "uunganishwe" na mradi huria, huyo ni tapeli.

Nimebadilisha msimbo, skrini imekuwa nyeusi. Tatizo nini?

Draiva gani? Kerneli ipi? Logi zinasemaje? Nimepokea maswali ya namna hii hadi nimechoka, na hakuna hata moja lililoambatana na logi.

Ingia kwa ssh kutoka mashine nyingine. Washa kerneli kwa drm.debug=0x14, inayofungulia jumbe za KMS na za maombi ya atomiki (mabadiliko ya skrini yanayokubaliwa yote kwa pamoja au yasikubaliwe kabisa), kisha soma logi ya kerneli kwa amri ya dmesg. Ukikuta -22, hiyo ni EINVAL: ombi lako la atomiki limekataliwa, na kwa kawaida programu iliyoliomba haiambiwi kwa nini. Sababu utaikuta kwenye logi, mistari michache juu yake. Na kabla ya kutuma ombi lenyewe, litume kwanza kwa alama ya TEST_ONLY. Kerneli itakujibu kama linawezekana bila kugusa kioo.

Naruhusiwa kuandikiwa viraka na akili mnemba?

Soma kanuni za mradi wako, maana hazifanani. Upande wa kerneli, chini ya kila kiraka kuna mstari wa Signed-off-by wenye jina lako, na ndio unaobeba dhamana. Mkaguzi akiuliza kwa nini umeshika kufuli hili kabla ya lile, atakuuliza wewe. Kama jibu huna, usitume. Binafsi, msimu wa kwanza ningeiacha kabisa: umepewa mtu mzima wa kukufundisha, halafu unampelekea kazi ambayo hata wewe hujaisoma.

Kiraka changu kimerudishwa mara ya nne. Nadhani mkaguzi ananichukia.

Anayekuchukia asingekisoma mara nne. Mfululizo kufika toleo la nane ni jambo la kawaida kwenye DRM. Jibu kila hoja yake chini ya mstari aliouandika, hata zile usizokubaliana nazo, na eleza kwa nini. Kisha tuma v5, na chini ya vistari vitatu vinavyofuata maelezo ya kiraka orodhesha ulichobadilisha tangu v4. Nina hakika hukuorodhesha.