Kutoa kitambi huku ukijenga misuli: hesabu inaanzia kwenye unga na mafuta ya kupikia

Mkuu, umesema una kilo 86, urefu sentimita 172, miaka 31, kazi ya kukaa kutwa. Unapiga sitapu 200 (kulala chali na kuinua kiwiliwili) kila asubuhi kwa miezi miwili na mkanda bado unaingia tundu lile lile. Jimu ya mtaani kwenu ina vyuma vya zege tu (bomba lenye kopo la zege kila ncha), na rafiki yako anakuhimiza ununue kopo la poda ya protini. Nitakujibu kwa urefu, maana majibu ya mstari mmoja ndiyo yaliyokufikisha kwenye sitapu 200.

Sitapu zinakaza misuli iliyo chini ya mafuta. Mafuta yenyewe hayaguswi. Mwili hauchomi mafuta ya pale unapopafanyisha kazi, unayachota mwili mzima kwa mpangilio wake wa kurithi, na kwa wanaume wengi tumbo ndilo la mwisho kuachia. Ndiyo maana mtu anayepungua huanza kuambiwa uso umekonda wakati kitambi bado kipo. Sitapu 200 hazifikii hata kalori za nusu chapati. Kujifunga nailoni tumboni na kukimbia juani nako kunatoa maji peke yake. Ukinywa lita moja uzito umerudi, na kwenye joto la Dar au Mombasa unaweza kuzimia njiani.

Sasa hesabu. Mwanaume wa umbo na kazi yako anatumia takriban kalori 2,500 kwa siku. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kama kalori 7,700. Ukila 2,100, unaacha pengo la 400 kila siku, 2,800 kwa wiki, sawa na gramu 360 hivi za mafuta. Kwa mwezi ni kilo moja na nusu. Najua unaiona ndogo. Lakini anayekata chakula nusu kwa nusu na kuacha vyuma hupoteza misuli pamoja na mafuta, halafu anabaki na mikono myembamba na kitambi kilekile, na njaa inamrudisha kwenye sufuria kwa fujo. Kama unataka kwenda kasi zaidi, mwisho uwe asilimia moja ya uzito wako kwa wiki, usipite hapo.

Kalori zako zimejificha wapi? Karibu kila nyumba ninayoifahamu zimo sehemu tatu. Ya kwanza ni mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori 120. Chukua dumu la lita tano kwenye nyumba ya watu wanne: likiisha kwa mwezi mmoja, kila mtu amekula kama kalori 340 za mafuta kwa siku, na hakuna aliyeyaona kwenye sahani. Hilo peke yake linakaribia pengo lote tunalolitafuta. Mwambie anayepika, au kama unapika mwenyewe, aache kumimina kutoka kwenye dumu, apime kwa kijiko: vijiko viwili kwa siku kwa kila mlaji vinatosha kabisa kukaangia vitunguu na nyanya. Ya pili ni unga. Ugali wa mwanaume anayekula ashibe unabeba robo kilo ya unga bila shida, na hiyo ni kalori 900 kwa mlo mmoja. Usiache ugali, hauna kosa lolote. Pima unga kabla haujaingia kwenye maji. Gramu 100 za unga mkavu zina kalori 360 na zinatoa ugali wa karibu gramu 300, unaoshibisha vizuri ukiwa na mboga nyingi. Ya tatu ni vya kunywa. Soda ya nusu lita ina sukari gramu 50 na zaidi, kalori 200. Bia ya nusu lita ni hivyo hivyo. Chai vikombe vitatu vyenye vijiko vitatu vya sukari kila kimoja ni kalori kama 150, na watu hawaihesabu chai kuwa chakula.

Chapati moja ya mafuta ni kalori 300 hadi 350. Chipsi mayai inavuka 900 kwa urahisi. Sikukatazi, ila ujue kwamba ukila ile sahani umekula karibu nusu ya siku, na protini uliyopata ni ya mayai mawili tu.

Hapo ndipo penye tatizo la pili la chakula chetu: wanga mwingi, protini kiduchu. Misuli ikikosa protini hukui hata ukibeba nini. Kipimo kinachofanya kazi ni gramu 1.6 hadi 2.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na mwenye kitambi apige hesabu kwa uzito anaoutaka, asitumie alionao. Wewe ukilenga kilo 75, gramu 130 zinakutosha. Yai moja lina gramu 6. Nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, gramu 100 mbichi, ina 20 au 21. Sato aliyeiva ana kama 26 kwa gramu 100 za mnofu, bila miiba. Maziwa robo lita yana 8. Maharage yaliyopikwa yana 8 au 9 kwa gramu 100, na faida yake nyingine ni kwamba yana lisini, moja ya viungo vinavyounda protini, ambayo mahindi yamepungukiwa nayo. Ugali na maharage vinafidiana, wazee hawakukosea. Karanga zina protini, kweli, lakini zina kalori zaidi ya 560 kwa gramu 100, kwa hiyo kwako ni kiungo, usizile kama mlo.

Halafu kuna dagaa. Dagaa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Upande wa nyama na samaki, sijui kingine kwenye soko letu kinachowashinda kwa bei. Tatizo ni jinsi tunavyowapika: wakitumbukizwa kwenye mafuta mengi wanayanyonya kama sponji. Waloweke kwenye maji ya uvuguvugu, uwaoshe maji mawili au matatu mpaka mchanga uishe chini ya bakuli, uwachuje, uwakaushe kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo, ndipo uweke kijiko kimoja cha mafuta, kitunguu, nyanya na ndimu.

Siku yako inaweza kwenda hivi. Asubuhi mayai matatu ya kuchemsha, kiazi kitamu cha gramu 200, na kikombe cha maziwa au chai ya maziwa bila sukari: kalori 525, protini 29. Mchana wali uliopikwa gramu 200, maharage gramu 250 yaliyoungwa kwa kijiko kimoja cha mafuta, sato wa kuchoma au wa kuchemsha mwenye mnofu wa gramu 150, na mchicha wa kutosha: kalori 930, protini 70. Usiku ugali wa unga gramu 100, dagaa wakavu gramu 40 waliopikwa kama nilivyosema, na matembele rundo zima ukitaka: kalori 655, protini 33 hivi. Jumla inakuja kalori 2,100 na protini 132. Samaki akikosekana weka nyama au maini kwa uzito huo huo. Nunua mzani mdogo wa jikoni na upime kwa wiki tatu tu. Baada ya hapo jicho linakuwa limezoea.

Poda ni chakula, na haina muujiza. Kipimo kimoja kina protini gramu 20 na kitu, sawa na mayai manne. Gawanya bei ya kopo kwa gramu zote za protini zilizomo, fanya hivyo kwa dagaa na mayai, kisha amua. Kitu pekee cha dukani ninachokiona kina maana ni kreatini ya kawaida (unga unaoipa misuli nguvu ya haraka), gramu 3 hadi 5 kila siku, muda wowote. Inavuta maji ndani ya misuli, kwa hiyo mzani unaweza kupanda kilo moja wiki za mwanzo, usishtuke. Vile vidonge vya "kujaza mwili" vinavyouzwa kimyakimya kaa navyo mbali kabisa. Vingi vina deksamethasoni, dawa ya steroidi inayoiga homoni ya mwili. Uso unavimba kwa maji, sukari inapanda, misuli inaliwa badala ya kujengwa, na anayevimeza muda mrefu kisha akaviacha ghafla anaweza kufa kwa sababu tezi zake zimeacha kutengeneza homoni yake. Kama umeshaanza, nenda kwa daktari akupunguzie taratibu.

Tizi sasa. Siku tatu kwa wiki, mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, mwili mzima kila siku. Siku ya kwanza: skwati (kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani), benchi (kulala chali na kusukuma chuma kutoka kifuani), na kuvuta chuma kuelekea tumboni ukiwa umeinama. Siku ya pili: dedilifti (kuinama na kuinuka na chuma mikononi) ya magoti yaliyokunjwa kidogo, kusukuma chuma juu ya kichwa, chinapu (kuning'inia kwenye bomba na kujivuta juu), na lanji (hatua ndefu ukishusha goti la nyuma) hatua kumi kila mguu. Zibadilishe zamu. Kila zoezi seti tatu, yaani mizunguko mitatu, za marudio 6 hadi 10, pumzika dakika mbili mpaka tatu katikati. Watu wanaona kupumzika ni uvivu, wanaruka seti kwa seti wakihema. Kinachochoka ni mapafu, misuli haijafika popote. Kabla ya seti halisi pasha mwili kwa chuma chepesi marudio kumi, kisha nusu ya uzito marudio matano. Kila seti ikome pale unapohisi yamebaki marudio mawili hivi kabla hujashindwa kabisa. Ikikoma yakiwa yamebaki sita, umejinyoosha tu.

Ufunguo ni kuongeza. Ukifikisha 10 kwenye seti zote tatu, ongeza kilo 2.5 kwa mikono au 5 kwa miguu, urudi kwenye 6 au 7, upande tena. Daftari la shilingi chache liwe karibu. Asiyeandika anabeba uzito ule ule mwaka mzima.

Kwenye zege hapa ndipo panapokwama, kwa sababu uzito haujaandikwa na hauongezeki. Zege lina kama kilo 2.4 kwa lita, kwa hiyo kopo la rangi la lita 4 ni kilo 9 hadi 10, ndoo ya lita 10 ni kama 24. Usiamini makadirio: beba chuma mpaka kwenye mzani wa muuza vyuma chakavu, kipimwe kila upande. Mara nyingi pande mbili zinatofautiana kilo mbili na zaidi, na hapo ndipo bega moja linapoanza kuuma bila sababu inayoonekana. Kupata nyongeza, funga chupa ya maji ya lita 1.5 kila upande kwa mpira wa baiskeli. Hiyo ni kilo 3. Kwenye benchi zege ni hatari kwa mtu aliye peke yake, kwa kuwa huwezi kuliinamisha liteleze likutoke. Asipokuwepo mtu wa kukupokea, lala sakafuni ufanyie hapo: viwiko vinagusa chini kabla chuma hakijafika kifuani.

Makosa ninayoyaona kila siku: viwiko kutanuka kama msalaba kwenye benchi, jambo linaloumiza bega, wakati vinatakiwa kuwa nyuzi 45 hadi 60 kutoka mbavuni. Visigino kuinuka kwenye skwati. Weka kipande cha ubao cha sentimita mbili chini yake mpaka vifundo vilegee. Chuma kuwa mbali na miguu kwenye dedilifti, mgongo unapinda. Kipite kikigusa mapaja. Kuongeza siku ya nne na ya tano ya kifua kabla ya miezi sita. Misuli hujengwa wakati wa mapumziko, usingizi ukiwemo, na ukilala kwa saa tano tu usiku mzima unaijenga nusunusu.

Siku zisizo za vyuma tembea dakika 45 hadi saa moja. Kilomita tano kwa uzito wako ni kalori 200 na kitu, na hazikuachii njaa kali kama mbio. Anayefunga Ramadhani abebe vyuma baada ya futari nyepesi na apunguze seti moja kila zoezi; kitambi cha mwezi ule kinatoka kwenye kaimati na sambusa.

Mwenye ugonjwa wa figo asipandishe protini bila daktari. Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi asikate wanga kabla dozi haijaangaliwa, sukari itamshuka ghafla.

Jipime uzito kila asubuhi baada ya choo, kabla ya kula, uchukue wastani wa siku saba. Kiuno pima mara moja kwa wiki kwa utepe wa fundi cherehani, usawa wa kitovu, pumzi ikiwa imetoka. Kwa mwanaume, sentimita 94 ndipo hatari ya moyo na kisukari inapoanza kupanda, na 102 ni kubwa zaidi. Mzani ukisimama wiki moja ni chumvi au maji, usiguse kitu. Wastani na kiuno vikisimama wiki mbili pamoja, punguza unga wa usiku kwa gramu 30 au ongeza kutembea, kimoja tu, usifanye vyote. Baada ya wiki 12 rudi kwenye kalori za kawaida za uzito wako mpya kwa wiki mbili huku ukiendelea na vyuma, halafu uanze tena kama kiuno bado hakijafika unapotaka.