Jibu: fence_scsi kugoma kwenye seva mbili

Ndugu yangu wa Tabora, unauliza kwa nini fence_scsi (programu ya klasta inayoizuia seva iliyopotea isiandike kwenye diski ya pamoja) inagoma ilhali diski inaonekana kwenye seva zote mbili. Kuonekana hakutoshi. Stoo, yaani mtambo wenye diski hiyo ya pamoja, lazima ikubali amri za SCSI-3 (lugha ya seva na diski) za kushikilia diski: kila seva inasajili ufunguo wake, na iliyo hai inaufuta wa iliyopotea ili isiandike tena. Piga `sg_persist -i -c -d /dev/sdb` kwenye kila seva. Ikijibu kwamba amri haitambuliki, stoo hiyo haifai.

Nakusihi usizime stonith, mpangilio wa klasta unaoifungia nje seva iliyopotea. Hapa Kigoma niliizima. Swichi ya mtandao ikafa usiku, kila seva ikadhani mwenzake amekufa, zote zikapachika mfumo uleule wa faili wa ext4. Asubuhi fsck, programu ya kukarabati mfumo wa faili, ilijaza folda ya lost+found vipande vya faili visivyo na majina. Fensi ya IPMI, inayoizima seva kwa mbali kupitia chipu iliyo ndani yake, inasaidia, ila umeme wa seva ukikatika nayo hainyanyuki kukujibu.