Je, "demand" ni kisawe cha "ask"?

SWALI: Mwalimu, ninafanya kazi katika duka la vipuri vya malori hapa Lubumbashi, komine ya Kampemba. Majuzi nilimwandikia muuzaji wa Ndola, nchini Zambia, maneno haya: "We demand you to send us the price of twenty filters." Alinijibu kwa mstari mmoja, kwamba hana deni letu na hatuna haki ya kumdai chochote. Nilishangaa, kwa sababu kijitabu changu cha visawe vya Kiingereza kinaweka "ask", "request", "inquire" na "demand" katika mstari mmoja, na tulifundishwa kwamba "ask" ni neno la watoto wa shule. Nitumie lipi?

JIBU: Ndugu yangu, muuzaji huyo alisoma sawasawa kile ulichoandika. Mwombe radhi, kisha mwandikie hivi: "Could you please send us a quotation for twenty filters?" Hiyo "quotation" ndiyo karatasi ya bei ambayo hapa mjini tunaiita proforma. Utaona kwamba sentensi hiyo haina hata moja kati ya yale maneno manne, na bado ndiyo ambayo wafanyabiashara wa Zambia huandikiana kila siku.

Kosa lako ninaliona karibu kila juma katika barua ninazoletewa kusahihisha, na chanzo chake kinajulikana. Sisi tulisomeshwa kwa Kifaransa, na katika Kifaransa "demander" hubeba kuuliza saa na kuomba maji bila kumuudhi mtu. Kiingereza kilipata neno hilo kutoka Kifaransa hichohicho, baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Kwa vizazi vingi Kifaransa kilikuwa lugha ya mahakama za huko, hata ikabidi mwaka 1362 itungwe sheria ya kuamuru kesi zizungumzwe kwa Kiingereza. Katika matumizi hayo ya kisheria "demand" lilizoea sauti ya mtu anayetaka haki yake mbele ya hakimu, na sauti hiyo halijaiacha mpaka leo.

Linalonisikitisha zaidi ni kwamba Kiswahili tunachokizungumza nyumbani kilikuwa kimekwisha kukuonya. Mama wa Katuba akikosa chumvi jioni, humtuma mtoto kwa jirani akaiombe, au akailombe kama tusemavyo wenyewe. Hamtumi akaidai. Akimtuma kuidai, mtaa mzima utaelewa kwamba jirani aliwahi kukopa chumvi na hajarudisha. "Demand" ni kudai, na muuzaji wako wa Ndola alikuelewa kama vile yule jirani angemwelewa mtoto. Hata muundo wa sentensi yako haukubaliki, kwa maana Kiingereza husema "demand payment" au "demand that he pay", lakini hakisemi "demand you to". Likiwa jina, neno hilo hupoa: bidhaa iliyo "in demand" ni ile inayotafutwa sana sokoni, wala hapo hakuna ugomvi.

Sasa nije kwa "ask", neno lililodharauliwa bure. Hilo ni neno la asili la Kiingereza, la kabla ya Wanormani, na hutumiwa na hakimu, daktari na mtoto bila mtu yeyote kushuka cheo. Ugumu wake ni kwamba limebeba kuuliza na kuomba kwa pamoja, na mara nyingi kinachotenganisha mizigo hiyo ni kineno kidogo kinacholifuata. "Ask the price" ni kuuliza bei. "Ask for a lower price" ni kuomba upunguziwe. "Ask after your father" ni kumjulia hali baba yako asiyekuwapo, ilhali "ask her out" ni kumwalika binti kwa nia ya uchumba. Mwanafunzi aliyeshika mifano hiyo minne anajua Kiingereza zaidi ya yule aliyekariri visawe arobaini.

"Request" ni kuomba kwa adabu ya kiofisi. Angalia tu kwamba "request for" husimama pale neno likiwa jina. Likiwa kitenzi, andika "we request a meeting" bila "for". "Inquire" ni kuulizia habari, na hufuatwa na "about". Nayo "require" ni kulazimu, kwa hiyo usimwandikie mtu "you are required to" kama huna mamlaka juu yake.

Kuna nyakati ambapo neno sahihi halimo kabisa katika mstari wa kijitabu. Kile ambacho Kifaransa hukiita "demande d'emploi", Kiingereza hukiita "application", na kitenzi chake ni "apply". "Je me demande" ni "I wonder", yaani najiuliza moyoni. Nimekwisha kusoma "I demand a job" katika barua ya kijana mwenye shahada nzuri, na sina shaka kwamba aliyeipokea hakufika mstari wa pili.

Ndiyo maana sina subira na wanaotoa fotokopi za orodha hizo na kuziuza kwenye milango ya shule, wala na vituo vinavyoahidi Kiingereza kamili kwa miezi mitatu huku vikiwakaririsha vijana visawe kama meza ya hesabu. Peter Mark Roget, yule tabibu Mwingereza aliyechapisha mkusanyo wake maarufu wa visawe mjini London mwaka 1852, hakuweka maelezo ya maana ndani yake, kwa sababu aliwakusudia watu ambao tayari waliyajua maneno na walitaka tu kukumbushwa lile linalofaa wazo lao. Anayejifunza lugha akipewa chombo hicho bila sentensi hata moja ya mfano, atachagua lile refu, akidhani urefu ndio usomi.

Katika barua ya kuulizia vichujio hasara ni aibu tu, lakini katika mkataba hasara ni fedha. Niliwahi kuletewa mkataba wa usafirishaji ambamo mwandishi, akitaka kusema kwamba anatarajia mzigo uvuke Kasumbalesa ndani ya siku kumi, aliona "expect" ni jepesi mno, akalibadilisha kwa "guarantee", ambalo kijitabu chake kililiweka karibu na "promise". Malori yalipochelewa mpakani, mteja alidai fidia, na neno lilikuwa upande wake. Kutarajia, kuahidi na kudhamini hakuna Mswahili anayevichanganya akisema na shemeji yake; huvichanganya anapoandika kwa lugha ya watu akiwa na orodha mkononi.

Kwa hiyo weka kijitabu kando na ununue kamusi ya wanaojifunza, ile yenye sentensi chini ya kila neno. Ukikutana na kisawe kipya, tafuta sentensi tatu zinazolitumia, uzitafsiri kwa Kiswahili cha nyumbani, na uone kama ungethubutu kumwambia hivyo mtu unayemwandikia. Usipozipata, andika "ask".