Sensa ya kasi imefungwa nyuma, mita inasoma sufuri

Swali: Habari fundi. Nina baiskeli ya milimani, tairi za inchi 26 kwa 1.95. Naiendesha kutoka Kasarani hadi mjini, na Jumamosi naingia msitu wa Karura. Nimenunua mita ya kasi isiyo na waya, yenye sensa na sumaku ya kufunga kwenye spoki. Foku ya mbele ina springi na nafasi ni finyu, kwa hivyo nikaifunga nyuma. Skrini kwenye usukani inaonyesha sufuri, ghafla inaruka hadi 14 kwa muda wa sekunde mbili, halafu sufuri tena. Nimesogeza sumaku mpaka nimechoka. Kosa liko wapi?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Hebu iache hiyo sumaku kwanza. Chomoa skrini kwenye usukani, inua gurudumu la nyuma, lizungushe kwa mkono huku umeishika skrini karibu kabisa na sensa. Ikisoma vizuri hapo, sumaku haina kosa. Shida ni umbali.

Mita nyingi za bei nafuu zisizo na waya hutuma ishara dhaifu inayofika sentimita 60 au 70 hivi. Zilitengenezwa zikae kwenye foku ya mbele, usukani ukiwa juu yake tu. Kutoka mhimili wa nyuma hadi usukani ni zaidi ya mita moja, na hakuna ufundi wa kuirefusha hiyo ishara. Wateja huniletea mita za namna hii wakiwa wameshabadilisha betri mara tatu.

Tazama pakiti. Ikiwa haina neno ANT+ wala Bluetooth, yaani njia za kutuma ishara zinazofika mbali zaidi, irudishe mbele. Springi isikutishe: funga sensa kwenye mguu wa chini wa foku, ule unaopanda na kushuka pamoja na gurudumu. Pengo kati yake na sumaku halitabadilika hata ukipita matuta yote ya Kasarani.

Ukiamua ni lazima ikae nyuma, nunua sensa ya ANT+ au Bluetooth, ila uhakikishe skrini au simu yako inaelewa lugha hiyo hiyo. Sababu nzuri ya kuiweka nyuma ninayoijua ni moja: msimu wa mvua ukifunga baiskeli ndani ya nyumba kwenye stendi ya mazoezi, gurudumu la mbele halizunguki. Siku hizi kuna zile zisizo na sumaku, unaivisha kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu, kwa mpira na kazi imekwisha. Kwa barabara zetu za vumbi na matope, mimi ningechukua hiyo.

Ya sumaku ikikaa nyuma hufungwa upande wa kushoto, mbali na mnyororo, kwenye bomba la fremu linalotoka kwenye pedeli kwenda kwenye mhimili wa nyuma. Sumaku ipite mbele ya alama iliyochorwa kwenye sensa, pengo likiwa milimita 5 au chini. Watu hunibishia kwamba ukiisogeza sumaku karibu na habu kasi itapungua. Haipungui, kwa kuwa sensa inahesabu mizunguko, na sumaku hupita mara moja kwa kila mzunguko popote ilipo kwenye spoki. Ukiweka mbili, hapo ndipo utajiona bingwa: kasi itasomeka maradufu.

Kwenye simu, usiunganishe sensa kupitia mipangilio ya Bluetooth ya simu yenyewe. Fungua programu ya baiskeli uitafute humo ndani, ukizungusha gurudumu ili iamke. Fanyia nyumbani, si kwenye geti la Karura katikati ya waendeshaji ishirini wenye sensa zao.

Mwisho, mzingo wa tairi, ambao mita huuzidisha kwa mizunguko ili kupata umbali. Mita nyingi huja zimewekewa tairi za 700, zile za baiskeli za barabarani, kama milimita 2105, ilhali yako ni karibu 2050. Ukiacha hivyo, kila kilomita 20 utazawadiwa zaidi ya mita 500 ambazo hukuzipanda. Jaza upepo, weka alama ya chaki ardhini chini ya valvu, kaa juu ya baiskeli ili uzito wako uibonyeze tairi, kisha sogea mizunguko mitatu kamili. Pima kwa futi kamba, gawanya kwa tatu. Ukipata mita 6 na sentimita 15, andika 2050.